Fundi Saa Aliyekula Kunazi

Wiki iliyopita nilirudisha ufunguo wa kabati la dawa. Kijana aliyeupokea akaniomba niwaandikie "machache ya kazi" nyinyi mnaobaki. Nimechanganya na kutoa dawa tangu baba yake hajaoa, kwa hiyo sijui machache ni mangapi. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu sijaona hata kimoja kilichomponya mtu. Nitawaandikia juu ya kinu, juu ya mti mmoja, na juu ya asubuhi niliyofanya kosa lile lile ambalo nyinyi nimewakataza kila siku.

Nilifika Maskati mwaka 1964, nina miaka kumi na tisa, pamoja na mama yangu na sanduku moja la bati. Unguja yalikuwa yamepita mapinduzi, na familia nyingi kama yetu zilikuwa zikitafuta pa kwenda. Kwa haraka ya kuondoka mama alikuwa ametia sandukuni mapazia. Si nguo, mapazia. Nchi ya mababu tuliijua kwa masimulizi tu. Tulipoiona ilikuwa mawe, mawe meusi yaliyosimama wima juu ya bahari, na mji mdogo mweupe umejibana katikati yake, una ukuta na milango. Mama alitazama milima ile akasema, "Haya, mapazia tutayatundika wapi?"

Nilipata kazi kwa sababu nilijua kusoma vibandiko vya chupa. Nje kidogo ya ukuta wa mji palikuwa na zahanati ya Daktari Menezes, Mgoa aliyekaa Unguja miaka mingi na kuondoka wakati ule ule tulioondoka sisi. Kiswahili chake kilikuwa safi na kimenyooka mno, kama shati lililopigwa pasi na mtu mwenye hasira. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kinu cha kaure, cheupe, kimepasuka ufa mwembamba ukingoni, na mchi wake.

"Utakiosha mara tatu," alisema. "Mara ya kwanza kwa sabuni. Mara ya pili kwa maji. Mara ya tatu kwa maji, halafu unatia pua ndani. Ukisikia harufu ya dawa ya jana, basi bado unampa mgonjwa wa leo dawa ya jana."

Nilikiosha mara tatu. Akatia pua yake, akanirudishia. Siku ile nilikiosha mara kumi na moja, na sikusaga kitu.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, ukumbi wa nje wa vitanda vinne, na saa ya ukutani iliyokwama saa kumi na dakika kumi. Dawa tulizipima kwa adhana: hii baada ya alfajiri, hii baada ya adhuhuri. Uani palikuwa na mkunazi mmoja mkubwa, wenye miiba, ambao wenyeji waliuita sidri. Matawi yake yaliinama mpaka juu ya paa la chumba cha dawa, na msimu wa matunda kunazi zilikuwa zikidondoka juu ya bati mchana kutwa, tak, tak, tak. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu.

Nisimulie na hili, maana bila yake hamtaelewa. Kwetu Unguja, mimi jani la mkunazi nililijua kwa kazi moja tu. Mtu akifa, wanawake huchuma majani yale, huyaponda, huyatia katika maji ya kumkoshea maiti, na maji ya mwisho hutiwa kafuri. Harufu zile mbili zikikutana ndani ya nyumba, hata mtoto mdogo hanyamazishwi, ananyamaza mwenyewe. Sasa wiki yangu ya kwanza nikaenda nyumbani kwa Ami Mubarak, mtumishi wa zahanati, mzee wa kijiji cha Bustan aliyeogesha wagonjwa wanaume na kubeba maji. Nikamkuta mkewe amekaa kwenye kigoda, kichwa kizima kimejaa povu la kijani, anacheka na majirani. Nikanusa. Nikashika mlango, nikasema, "Inna lillahi."

"Nani kafa?" akauliza mke wa Ami Mubarak kwa Kiarabu, povu likimteremka masikioni.

Huku sidri wanaoshea nywele. Walio hai. Kila Alhamisi. Walinicheka mwezi mzima. (Siku hizi unga wake unafungwa kwenye pakiti, umeandikwa maneno mengi kuliko dawa ya moyo.) Baada ya mwaka na mimi nilikuwa nakosha nywele zangu kwa sidri, na baada ya mwaka na nusu sikukumbuka kwamba niliwahi kushtuka.

Fundi Seif aliletwa zahanati katika mwaka wangu wa pili, msimu kunazi zilipokuwa zikiiva. Majirani zake wa Matrah, mji wa jirani, walimbeba juu ya punda. Unguja alikuwa fundi wa saa, mtu wa maskhara, anayejulikana. Hapa hakuwa akisema. Hakuwa na homa, hakuwa na jeraha, ulimi ulikuwa mzima. Daktari aliuvuta akautazama chini na juu. Seif alikaa tu. Tulimpa kitanda cha ukumbini, akakiacha, akaenda kukaa chini ya mkunazi. Alikula kunazi kuanzia asubuhi. Alizila polepole, kwa utamu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari zake zote, na kokwa alizipanga ardhini mbele yake.

Daktari Menezes alimtazama siku tatu. Siku ya nne akaja chumba cha dawa, akavua miwani.

"Zuwena, unajua hadithi ya lotosi?"

"Lotosi ndiyo dawa gani?"

Akacheka kidogo. Akanisimulia kwamba Wayunani wa kale walikuwa na hadithi ya nahodha aliyekuwa akirudi kwao kutoka vitani. Upepo ukamtupa pwani asiyoijua. Akatuma watu watatu wakatazame wenyeji ni watu wa namna gani. Wenyeji hawakuwadhuru; waliwapa tunda, lotosi, tamu kama asali. Waliolionja hawakutaka tena kurudi chomboni wala kurudisha habari. Walitaka kukaa pale, kula, na kuisahau njia ya kwao.

"Nahodha akafanyaje?"

"Akawakokota wanalia. Akawafunga chini ya viti vya wapiga makasia, akaondoka."

Nikamwuliza ni mmea gani huo. Hapo aliwaka, nadhani katika mji mzima hakuwapo mwingine wa kumwuliza. Akasema wataalamu wamegombana juu ya jambo hilo karne na karne. Ipo lotosi ya majini, dada wa yungiyungi, mizizi yake imo matopeni na ua lake linatoka juu safi kabisa, linajifunga jioni na kufunguka asubuhi. Wamisri waliichonga kwenye nguzo zao, na Wahindi huwakalisha miungu wao juu yake. Lakini Wayunani walikuwa na uvivu wa majina. Jina hilo hilo waliyapa majani ya kulisha farasi, na wakaupa mti mmoja wenye tunda dogo la kokwa. Tunda lile ndilo lililowasahaulisha mabaharia. "Na mimi naamini," alisema, akatoka nje akagonga shina la mkunazi, "kwamba lilikuwa ndugu wa huyu. Yule bwana amekula lotosi."

"Daktari, mie nala kunazi tangu sina meno. Ningekuwa nshasahau jina langu."

"Pengine umesahau kitu kingine," akasema.

Alikuwa tabibu mzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na hadithi ile ilimpoteza kwa muda wa wiki tano. Aliamuru kunazi zote ziangushwe wapewe mbuzi. Seif akaanza kuokota changarawe, akazipanga vile vile, mpaka matunda mengine yalipoiva. Daktari alimwekea kiti chini ya saa iliyokwama, akaacha na bisibisi juu yake, kama mtu anayetega panya. Seif alikaa kwenye kiti, bisibisi akaikalia. Mimi nilikuwa nikitazama zile kokwa. Zilikuwa kumi na mbili, kila siku, zimepangwa duara. Nikamwambia Daktari, "Huyu hajasahau kitu." Akanijibu kwamba mikono hukumbuka peke yake.

Ikaja barua kutoka Mombasa. Ilikuwa ya mke wa Seif, Raya. Aliandika kwamba yeye na binti yao Nasra wako hai, wametoka Unguja, na wanatafuta meli ya kuja. Nilimsomea Seif mara mbili, nimechuchumaa mbele yake. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia kitu cha uongo, kwa adabu. Akaendelea kula.

Sasa asubuhi yenyewe. Wapagazi wa forodhani walikuwa wakija kwetu kwa maumivu ya mgongo, na tangu asubuhi nilikuwa nikisaga kafuri ya dawa yao ya kuchua. Yapata saa tano Ami Mubarak aliingia anahema.

"Mke wa fundi yumo melini, bandarini. Na mtoto. Hawaruhusiwi kushuka."

Sheria ya wakati ule ilikuwa hivi: hashuki mtu asiye na kibali, na mwanamke aliyekuja kwa mumewe hapati kibali mpaka mume mwenyewe asimame mbele ya karani, kwa ulimi wake, aseme huyu ni mke wangu na huyu ni mwanangu. Meli ilikuwa ikiondoka saa tisa, inakwenda mbele Ghuba, na baada ya hapo hakuna aliyejua Raya na mtoto wangeteremshwa wapi, kwa nani.

Daktari alivaa koti, akaenda mbio mwenyewe. Akarudi baada ya nusu saa, amelowa jasho. "Nimemwambia karani nitaapa mimi. Amesema mimi si mume wa yule bibi. Ana haki." Akaniangalia. "Tutamkokota, Zuwena. Kama nahodha."

"Na akifika akinyamaza?"

Alikuwa ameshatoka kwenda uani.

Seif alikuwa chini ya mti. Nilimwambia. Nilimwambia polepole, nikamwambia kwa nguvu. Nikamwambia kwa jina la mama yake. Akaongeza kokwa ya kumi na mbili, akaiweka sawa kwa ncha ya kidole.

Kichwa chake hakikuwa kimeoshwa kwa wiki nyingi. Nywele zilikuwa zimeshikana kwa vumbi na utomvu. Ami Mubarak akasema, "Karani akimwona hivi atasema huyu wazimu, na neno la mwendawazimu halishiki. Ya binti, nipe sidri. Upesi." Akampeleka bafuni kwa mkono. Nilisikia maji yakianza kumwagika.

Nikachuma majani kwa mikono miwili, miiba ikanichana. Nikachukua kinu. Ndani mlikuwa na kafuri ya wapagazi. Nikamimina maji, nikazungusha, nikamwaga. Mara moja. Sabuni sikuitia wala pua sikuitia. Nilikuwa nikisikiliza bandarini, nikidhani nimesikia honi. Nikaponda majani mpaka yakatoa povu, nikampa Ami Mubarak mlangoni, nikarudi kumtafutia Seif kanzu.

Ukelele niliousikia sijausikia tena maishani. Kanzu ikaniponyoka.

"Msinikoshe! Msinikoshe! Mie sijafa!"

Ami Mubarak alitoka bafuni kinyumenyume, ndoo mkononi. Hakujua Kiswahili, lakini alijua kwamba bubu amepiga kelele. Seif alitoka nyuma yake, shuka kiunoni, povu la kijani linamtiririka machoni.

"Nani kakwambieni nimekufa? Nani kakwambieni?"

Na hapo ikanifikia mimi. Ile harufu. Mkunazi na kafuri, pamoja, uani, mchana kweupe. Nikashika ukuta kama nilivyoshika ule mlango wa Ami Mubarak nilipofika.

"Hakuna aliyekufa, Fundi," nilisema. "Ni nywele tu. Huku wanakoshea nywele."

"Nani alomkosha Raya?"

"Eti nini?"

"Nliambiwa wamekufa. Raya na mtoto. Nliambiwa nikiwa njiani. Sikuwakosha. Sikuwakosha mie, sikuwachimbia. Nani alowakosha?"

Basi ndiyo hayo. Hakuwa amesahau. Alikuwa amekaa chini ya mti wa maiti wake, na alikula matunda kwa sababu majani hayakuwa na kazi.

"Hawajakoshwa na mtu," nikamwambia. "Wako hai. Raya yumo melini, hapo nyuma ya ukuta. Nenda kamtazame mwenyewe. Ukiona nimekudanganya, rudi unipige na mchi."

Tulimvisha kanzu juu ya povu, hakuna aliyethubutu kumrudishia maji. Tukaenda, Daktari mbele, Ami Mubarak amemshika mkono mmoja, mimi nyuma nimejifunika vizuri, ndani ya lango, kwenye vichochoro, watu wakisimama kutazama. Mwadhini wa adhuhuri alikuwa amekwisha kuadhini. Honi ya kwanza ililia tukiwa hatujafika sokoni. Mara mbili Seif alisimama, na mara mbili nilisikia Daktari akinong'ona kwa lugha ya kwao, nadhani alikuwa akisali.

Karani wa forodha alikuwa kijana mwenye ndevu fupi, hana ubaya. Kulikuwa na meza, na nyuma yake ngazi za mawe zinazoshuka majini. Mtumbwi uliotoka melini ulikuwa umefungwa chini, ndani yake wamekaa mwanamke mwenye buibui na mtoto wa miaka sita hivi, na mpiga makasia aliyekatazwa kuwaacha wapande. Jua lilikuwa nyuma yetu. Kutoka kule chini nadhani tulikuwa vivuli tu.

"Jina lako?" karani aliuliza kwa Kiarabu.

Seif alitazama ngazi.

"Jina lako, ami. Na huyu mwanamke ni nani wako?"

Povu lilikuwa limekauka usoni mwake, limefanya mistari. Karani alimtazama Daktari, halafu akatazama kalamu yake. Honi ya pili ikalia. Mpiga makasia akaanza kufungua kamba. Nilitaka kusema, na Daktari akanishika mkono, kwa sababu neno langu lingeharibu. Lilitakiwa la Seif peke yake.

Kutoka mtumbwini ikapanda sauti ya mwanamke, kali, ya mtaa wa Malindi wa Unguja kabisa, sauti ya mtu aliyechoka kungoja foleni.

"Wee fundi! Huko kwenu saa ngapi?"

Baadaye Raya aliniambia kwamba hilo ndilo alilokuwa akimchokoza nalo kila siku alipochelewa kurudi kula: fundi wa saa asiyejua saa.

Seif aliteremka ngazi moja. Karani akainuka nusu.

"Mmechelewa," Seif alisema. Sauti ilimtoka kama mlango uliokaa bila mafuta. "Miaka miwili mmechelewa, Raya."

"Na wewe umejipaka nini kichwani?"

Akakaa pale pale kwenye ngazi. Akageuka kwa karani, machozi na povu vimechanganyika, akasema kwa Kiarabu chake kibovu cha Unguja, jina lake, na la baba yake, na la babu yake, na kwamba huyu ni mke wangu Raya, na huyu ni mwanangu Nasra, na mimi ni hai na akili zangu ninazo, andika. Karani akaandika. Mtoto alikuwa wa kwanza kupanda.

Mambo mengine ya miaka ile nitawasimulia mkija nyumbani. Mwaka 1970 nchi ilifunguka, milango ya mji haikufungwa tena kama zamani, na kila mtu aliyekuwa nje akaanza kurudi. Seif alikuwa na meza yake Matrah, yeye ndiye aliyeitengeneza saa ya zahanati, na mpaka leo ukinitajia saa kumi na dakika kumi naiona ile ya ukutani. Daktari Menezes alichagua mwaka ule kustaafu na kurudi kwao Goa. Kwa miaka yote ile alikuwa akiwasimulia wageni juu ya mla lotosi aliyeponywa kwa kukokotwa, na mimi nilikuwa nikipita na sinia ya chai, sisemi.

Siku ya kufunga masanduku yake nilimwambia. Nilimwambia kafuri, kinu, mara moja.

Nilidhani atakasirika, na ningeona sawa.

"Kwa hiyo halikuwa tunda," alisema mwisho. "Lilikuwa jani. Wale Wayunani hawakutaja jani hata kidogo."

"Na aliyesahau hakuwa Seif, Daktari. Ni mie. Miaka miwili tu, nikaponda mkunazi kama sijapata kukosha maiti kwetu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akafungua sanduku moja alilokuwa amekwisha kulifunga, akatoa kile kinu, akakitia pua. Akanipa.

Ndicho hicho kilichomo kabatini, rafu ya chini, chenye ufa. Mashine zenu zinasaga vizuri zaidi, sikatai. Lakini siku umeme ukikatika mtakitafuta. Kiosheni mara tatu, na ya tatu mtie pua. Mgonjwa hana njia ya kujua kilichokuwamo kabla yake, wewe unayo. Mimi mwenyewe nilikiosha wiki iliyopita kabla ya kurudisha ufunguo, kwa mikono hii, nimechukua muda wangu.

Nilikiosha mara mbili. Ya tatu nimewaachia nyinyi.